Pumzi ya Mkopo

Daktari aliandika namba kwenye karatasi,
akaigeuza inielekee: arobaini na mbili.
"Kila saa moja ya usingizi," akasema,
"unaacha kupumua mara hizi."
Nikacheka.
Mimi? Elinami wa tarumbeta?
Niliyebeba besi kubwa ya usharika miaka thelathini na moja,
kila Pasaka, alfajiri, makaburini,
nikivuta hewa yenye umande hadi kiunoni
na kuitoa ikiwa tenzi?

Ndeanasia hakucheka.
Aliijua namba ile kabla ya daktari.
Kisigino chake ndicho kilichonilinda:
nikinyamaza, teke;
nikizinduka, nguruma mpya,
lori la mahindi linalopanda Kibosho kwa gia ya kwanza.
"Mkoromo nilishauzoea," alimwambia daktari,
akikunja kona ya kitenge chake.
"Mimi naogopa pale anaponyamaza."

Mashine imekuja kwa mkopo wa Saccos,
ndogo, ya kijivu, kama redio isiyo na stesheni.
Nesi akanikaza mikanda kisogoni,
akanivika barakoa, akabonyeza,
na upepo wa mtu nisiyemjua
ukaniingia puani bila hodi.

Usiku wa kwanza nilidumu dakika kumi na moja.
Wa pili niliota nazama Mto Karanga;
asubuhi tuliikuta barakoa uvunguni,
na sijui hadi leo mkono gani uliing'oa.
Mdomo mkavu. Alama nyekundu juu ya pua.
Mjukuu wangu Ndekusara alichungulia mlangoni,
akautazama ule mpira unaoning'inia usoni:
"Babu, umeshakuwa tembo?"
Nje, baridi ya mwezi wa saba,
mlima umejifunika gubigubi, nami vilevile.
Ungedhani napanda Kibo.
Geti la Marangu lenyewe sijawahi kulivuka.

Kuvuta hewa hakuna shida, inakuja yenyewe.
Kazi ni kuitoa,
kusukuma pumzi yako dhidi ya pumzi inayokusukuma.
Wiki mbili nilipigana nayo kama mtu na mdaiwa wake,
mpaka usiku mmoja nikasikia sauti yangu mwenyewe,
ile niliyokuwa nikiwakaripia vijana wa bendi:
Usigombane na chombo, wewe.
Shusha mabega. Funga midomo. Hesabu nne.
Iache hewa ipite, haijaja kukuua.
Nikashusha mabega.
Nikahesabu nne.
Sikufika ya tano nikiwa macho.

Ndeanasia amerudi kutoka chumba cha wasichana
na mto wake na blanketi la mistari.
Sasa yeye ndiye halali.
"Umenizoesha vita," ananung'unika, "amani siijui."
Anaweka kiganja juu ya mpira ule,
anausikia ukipita moto, ukipita baridi,
ndipo anasinzia.

Juzi walikata umeme saa tisa ya usiku.
Upepo ukakoma usoni mwangu
kama sahani iliyoondolewa kabla hujashiba.
Nilipofumbua macho nilimkuta ameketi,
kisigino kimeshainuliwa, tayari.
"Niko macho!" nikasema ndani ya barakoa,
ikatoka sauti ya ng'ombe zizini.
Tukacheka gizani mpaka akashika mbavu.

Kisha tukakaa tu.
Mbwa wa jirani. Jenereta ya mtu, mbali.
Akauliza mkopo umebaki kiasi gani.
Miezi kumi na tisa, nikamwambia.
Akasema, "Si mingi,"
halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaachia njiani.

Umeme uliporudi
mashine ilianza polepole, kwa noti ya chini kabisa,
ile ya besi, isiyosikika na mtu kanisani
mpaka siku ikosekane.
Ndeanasia akageuza mto wake upande wa baridi.
Nami nikaweka midomo sawa
na kuifuata.